Utafiti si matibabu: uliza kabla ya kutia sahihi

Watafiti wanapobisha hodi vijijini Kwale, wakazi wengi huwachukua kuwa madaktari waliokuja kutibu. Sivyo. Daktari hukupa dawa kwa kuwa wewe ni mgonjwa. Mtafiti hutafuta jibu ambalo bado halijulikani, na huenda wewe mwenyewe usifaidike.

Mfano ni majaribio ya dawa ya ivermectin yaliyofanywa Kwale kuanzia mwaka wa 2023 na taasisi ya ISGlobal ya Barcelona pamoja na kituo cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi. Dawa hiyo haimkingi moja kwa moja anayeimeza. Mbu akimfyonza damu, mbu ndiye hufa. Kwa hivyo mtu mzima asiye na ugonjwa wowote aliombwa ameze tembe mara moja kwa mwezi, kwa miezi 3, ili watoto wa kijiji wasiugue malaria. Kura ilipigwa: sehemu nyingine zikapata ivermectin, nyingine albendazole, dawa ya minyoo. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2025. Palipotolewa ivermectin, maambukizi mapya kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26 yakilinganishwa na kwingine.

Faida ni kubwa, lakini kazi kama hii huzua maswali magumu. Wajawazito hawakustahili kupewa ivermectin. Je, msichana ataulizwaje kama ana mimba huku babake akisikiliza? Maadili yanataka aulizwe faraghani, na jibu lake liwe siri. Mama akikubali lakini mtoto wa miaka 10 akatae kudungwa kidole, je? Mtoto naye asikizwe. Na chifu akikubali barazani, bado kila mtu aombwe idhini yake.

Kusimamia mambo haya ni taaluma kamili. Huko Kilifi, Dkt. Dorcas Kamuya amechunguza masaibu ya wahudumu wa nyanjani, ambao hutakiwa kufuata kanuni huku wakiishi na watu wanaowatafiti. Kamati za maadili nazo haziketi madaktari peke yao. Huhitaji pia wanasheria na raia wa kawaida. Kijana wa Msambweni au Diani aliyesomea uuguzi, sheria au elimu ya jamii, na anayejua Kidigo, ana nafasi hapa.

Msomaji, mtafiti akifika kwako, muulize:

1. Kamati gani ya maadili imeidhinisha kazi hii?

2. Damu yangu itapimwa nini, na itahifadhiwa wapi?

3. Nikidhurika, nani atanitibu na kwa gharama ya nani?

4. Matokeo tutaelezwa lini?

Una haki ya kukataa, au kujitoa baadaye, bila kupoteza huduma yako ya kawaida hospitalini. Anayekuharakisha utie sahihi, mrudishie karatasi yake.