Mapenzi ya Wahusika na Heshima ya Wachezaji

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva ulio kando ya ziwa katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ulitolewa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Mchezo huo haufanani na bao letu. Katika bao kete huliwa na mshindi hutangazwa, na kete yenyewe haina moyo. Katika mchezo huo watu wachache huizunguka meza, kila mmoja akajitwalia mhusika, akampa jina, kazi na tabia, kisha akasema na kutenda kwa niaba yake. Mmoja wao huwa msimamizi, naye hueleza mahali na matukio. Dadu huamua mambo ya bahati, na yaliyobaki huamuliwa kwa maneno ya wachezaji wenyewe. Hakuna aliyeandikiwa la kusema.

Uliwekwa uwe mchezo wa vita, majoka na hazina. Lakini watu wakizoea kukutana jioni baada ya jioni na kusema kwa vinywa vya wahusika, si ajabu mhusika mmoja akampenda mwenziwe. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo wachezaji wa michezo hiyo wamelijadili kwa miaka mingi. Mhusika anapotamka kwamba anapenda, ni nani hasa aliyetamka? Na yule aliyeketi upande wa pili, ambaye pengine ni mke wa mtu, au ni binti ambaye hakutaka kuyasikia maneno hayo, ajibu kwa kinywa cha nani?

Msomaji wa Ukerewe au Kome ana haki ya kuuliza mambo hayo yanatuhusu nini. Jibu letu ni kwamba swali hilo limewahi kugusa watu wa mkoa huu huu wa Mwanza, tena kwa uzito mkubwa kuliko wa mezani.

Kati ya mwaka 1982 na 1983 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa mjini. Waliwataka wanakijiji wataje wenyewe yanayowasumbua, na mojawapo ya yaliyotajwa lilikuwa mimba za wasichana, wakiwamo wanafunzi. Jambo hilo likageuzwa kuwa maigizo ya wanakijiji wenyewe mbele ya wenzao, na baada ya maonyesho yakafuata majadiliano. Mlama aliieleza kazi ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya sanaa za maonyesho za jamii barani Afrika.

Kijiji si ukumbi wa mjini ambako mwigizaji na mtazamaji hawajuani. Kijana anayeigiza mlaghai leo atakutana kesho kisimani na baba wa msichana aliyeigiza naye. Kwa hiyo mapenzi ya wahusika kijijini hayawezi kuwa mzaha mtupu. Wazee wetu walionya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, na onyo hilo ni la kweli.

Hata hivyo, faida ya jambo hili ni kubwa kuliko hatari yake ikiwa litasimamiwa vizuri. Kwa desturi zetu, mzazi hazungumzi habari za mapenzi na mwanawe. Kazi hiyo iliachiwa bibi na shangazi, na siku hizi bibi yuko kijijini na mjukuu yuko kambini. Katika mkutano wa hadhara msichana hawezi kusimama akasema kwamba fulani alimwahidi hiki akamdai kile. Haya humfunga ulimi, na pengine hofu. Lakini akipewa jina la mhusika, aweza kuyasema yote pasipo kujivunjia heshima, kwa kuwa aliyesema ni mhusika. Jina la kuigiza ni kama ushungi: humsitiri mtu bila kumziba kinywa.

Hadithi za mapenzi si jambo geni kwa watu wa visiwani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Myombekere na mkewe Bugonoka, akazitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980. Humo tunamwona mume aliyetenganishwa na mkewe kwa sababu ya masimango ya kukosa mtoto, akaenda kwa wakwe kumwomba arudi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, na wasikilizaji wakafuata vituko vya Mkwaju, dereva wa lori, na taabu za mkewe Tunu. Hazina zote mbili ni za thamani. Lakini msomaji wa Kitereza hawezi kumjibu Myombekere, wala msikilizaji hawezi kumkatiza Mkwaju. Katika mchezo usioandikwa, kama ule wa Malya au ule wa mezani, mtu hana budi kujibu yeye mwenyewe, papo hapo, na kuona jibu lake limezaa nini. Kujifunza kukataa kwa ulimi wako ni tofauti na kusikia kwamba fulani alikataa.

Tutazame sasa hali ya visiwa vyetu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu wavuvi hupumzika. Wakati huo kambini kuna vijana walio mbali na kwao, wenye fedha mfukoni na kazi haipo. Mama mchuuzi anayengoja mtumbwi ufukoni anajua kwamba samaki mara nyingine hudaiwa kwa malipo yasiyo fedha. Binti anayetumwa kuuza maandazi kambini hukutana na ahadi ambazo hakuna mtu mzima aliyemfundisha namna ya kuzijibu.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayempa mwanafunzi mimba aweza kufungwa miaka 30. Novemba 2021 mlango ulifunguliwa kwa wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya mimba warudi shuleni. Hatua hizo mbili ni za lazima, lakini zote hufika baada ya maji kumwagika. Mchezo wa wahusika unaweza kufika kabla.

Kuhusu usimamizi, wachezaji wa mezani wamefikia kanuni ambazo hatuoni aibu kuziazima. Mwaka 2003 Ron Edwards alieleza utaratibu wa wachezaji kupatana kabla ya kuanza: yapi hayataingia kabisa katika mchezo, na yapi yataachwa nyuma ya pazia. Baadaye John Stavropoulos akaleta kadi inayowekwa katikati ya meza. Anayeona mambo yamemzidi huigusa tu, na jambo lile huondolewa mchezoni bila yeye kudaiwa maelezo. Naye Emily Care Boss, mwaka 2005, alitoa mchezo wa watu wawili uitwao Breaking the Ice, unaohusu miadi mitatu ya kwanza ya wapendanao. Humo wachezaji hutafuta jambo moja linalowatofautisha, kisha hubadilishana. Mwanamume aweza kumcheza mwanamke, na mwanamke mwanamume.

Tunaona kwamba kanuni hizo zinafaa mkekani kama zinavyofaa mezani. Mvuvi amcheze mchuuzi, na mchuuzi amcheze mvuvi. Kila mmoja ajaribu uzito wa ndoo ya mwenziwe. Mipaka ipatanwe kwanza. Jina la mtu yeyote wa kijiji lisitajwe, wala mtu asilazimishwe kuigiza yaliyompata. Mapenzi yawe ya maneno, watu wasigusane. Mwanafunzi asipangwe kamwe na mtu mzima katika igizo la namna hiyo. Ishara ya kusimamisha mchezo iwepo, na atakayeitumia asichekwe. Mwisho, kila mchezaji alivue jina la mhusika mbele ya wote, arudie jina lake, ndipo majadiliano yaanze. Mtu akiliacha jina la mhusika mkekani, atakwenda nyumbani na heshima yake kamili.

Wapo watakaosema kwamba kuwachezesha vijana habari za mapenzi ni kuwafundisha mapenzi. Tunawajibu kwa staha kwamba watoto wetu hucheza baba na mama kabla ya kujua kusoma, wala hakuna aliyewafundisha. Kinachokosekana ni mtu mzima aliye karibu wakati michezo inapogeuka kuwa maisha. Ukimya wetu haujamlinda binti hata mmoja. Umemwachia mlaghai peke yake uwanja wa maneno.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa maofisa utamaduni, maofisa maendeleo ya jamii na walimu wa shule za visiwani, pamoja na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi mialoni. Jambo hili halihitaji jukwaa wala umeme. Linahitaji mkeke, msimamizi mwenye busara, na watu wanane au kumi waliopatana. Siku za mbalamwezi, mitumbwi inapokuwa imevutwa nchi kavu, ndizo siku za hatari, na ndizo pia siku ambazo watu wana nafasi ya kuketi. Zitumike.