Ngeli Inayokaa Mkiani

Mzungumzaji wa Kiswahili huinusa ngeli kabla neno halijaisha. Akisikia *ki-* ya *kikombe*, masikio yameshajiandaa kupokea *hiki*, *kizuri*, *kimevunjika*. Kiholanzi humtaka msikilizaji asubiri, kwa kuwa mara nyingi mwamuzi amekaa mwisho wa neno.

Nomino za Kiholanzi katika umoja zimegawanyika sehemu mbili: zinazotanguliwa na *de* na zinazotanguliwa na *het*. (Katika wingi zote huchukua *de*.) Zamani jinsi, yaani ngeli za Kiholanzi, zilikuwa tatu; ya kiume na ya kike zikaungana chini ya *de*. Maneno mafupi hayana msaada, ni ya kukariri tu: *het huis*, nyumba, *de schoen*, kiatu. Lakini maneno yakiunganishwa, njia hufunguka. *Handschoen* ni *hand*, mkono, na *schoen*. Sisi tungesema "kiatu cha mkono", tukitanguliza kiatu. Mholanzi hukiweka nyuma, na hicho cha nyuma ndicho kinachotoa jinsi: *de handschoen*, yaani glavu. Hospitali ni *ziekenhuis*, nyumba ya wagonjwa, nayo ni *het* kwa sababu ya *huis*.

Mkia ninaoupenda kuliko yote ni *-je*, wa udogo. *Hond*, mbwa, ni *de*. Ukisema *hondje*, kijibwa, neno limeshahama: *het hondje*. Kila nomino inayopokea kiambishi hiki huenda huko, bila ubaguzi. Na haihami peke yake. Mbwa mkubwa ni *een grote hond*. Kijibwa kikubwa ni *een groot hondje*. Ile *-e* ya *grote* imedondoka, kama *m-* ya *mkubwa* inavyoipisha *ki-*. Lugha hizi hazina nasaba yoyote, lakini zote mbili zimeona kwamba kitu kikidogoshwa, jamaa zake katika sentensi lazima wajue.

Kiambishi chenyewe hubadilika kwa kufuata mdomo. *Boom*, mti, huwa *boompje*: midomo imeshafumbwa kwa *m*, na ikiachia, *p* inajitokeza. *Bal*, mpira, huwa *balletje*.

Wala kazi yake si kupunguza kimo tu. *Bier* ni bia kama kinywaji. *Een biertje* ni bia moja iliyoagizwa, hata glasi ikiwa kubwa. *IJs* ni barafu. *Een ijsje* ni aiskrimu moja iliyo mkononi. Kitu kisichohesabika kimekatwa kipande, sasa kinahesabika.

Kuna *meisje*, msichana, lililozaliwa na *meid*. Kwa sababu ya mkia wake, sarufi inamwita msichana *het*. Lakini sentensi inayofuata ikimrejelea, Waholanzi kwa kawaida husema *ze*, kiwakilishi cha mwanamke. Sisi nasi tuna *kiongozi*, mwenye *ki-* kichwani kama kikombe, na bado tunasema amefika.