Fahamu: Sofonisba Anguissola, mwanamke aliyemchora mfalme

Kwa muda mrefu, picha ya Mfalme Felipe II wa Uhispania iliyopo makumbusho ya Prado, Madrid, ilidhaniwa kuwa kazi ya mwanamume. Leo inatambuliwa kuwa ya Sofonisba Anguissola.

Ni nani?
Alizaliwa Cremona, Italia, miaka ya 1530, kifungua mimba wa watoto saba. Baba yake alimpeleka kwa mchoraji Bernardino Campi akajifunze, jambo la nadra kwa binti enzi hizo.

Kwa nini alichora sura za watu?
Wanawake hawakuruhusiwa kujifunza umbo la mwili kwa kutazama watu walio uchi. Akageukia waliomzunguka: mwaka 1555 aliwachora wadogo zake wakicheza sataranji.

Jina lake lilipoteaje?
Mwaka 1559 alikwenda Uhispania kumhudumia Malkia Elisabeth, mke wa Felipe II, na kumfundisha kuchora. Picha nyingi za huko hakuzitia sahihi, zikahesabiwa za wengine.

Mwaka 1624 mchoraji Anthony van Dyck alimtembelea Palermo, alikokuwa akiishi. Uoni wa Sofonisba ulikuwa umefifia, akili bado kali. Alifariki mwaka uliofuata.