Betri ya Tela Isiyojaa Umeme

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwaeleza jambo liwasumbualo madereva wengi: gari lakwenda vyema, lakini betri iliyomo katika tela haijai. Fikirini gari litokalo Tarime kwenda Mugumu kwa njia ya Nyamongo, likivuka Mto Mara na kuvuta tela lenye jokofu la chanjo za ng'ombe. Chanjo nyingi zataka kukaa kati ya digrii 2 na 8 za sentigredi. Betri ikiisha umeme njiani dawa huharibika, na mwenye ng'ombe huijua hasara siku maradhi yaingiapo zizini.

Umeme hutoka katika alternata hata betri ya gari, kisha hupita katika fyuzi, na rilei, yaani swichi iungayo njia injini inapowaka, kisha plagi, hata betri ya tela. Nao hurudi kwa waya wa ethi. Penye kasoro po pote katika mzunguko huo, nguvu hupungua.

Basi hitilafu na itafutwe kwa utaratibu. Washeni injini, na jokofu pia, ili umeme uwe unapita. Pasipo mzigo, hata waya ulioliwa na kutu waweza kuonyesha volti kamili, ukawadanganya. Pimeni kwanza betri ya gari: kwa gari la volti 12 yafaa muone 13.8 hata 14.4, kwa lori la volti 24, zidisheni mara mbili. Zikiwa pungufu, tazameni alternata na mkanda wake. Zikiwa sawa, pimeni kila upande wa fyuzi, wa rilei na wa plagi, hata mfike kwenye betri ya tela. Pale volti zishukapo ghafula ndipo penye kosa.

Mara nyingi kosa li katika ethi. Kiungo cha kuvutia tela kina vumbi, grisi na kutu. Hakiaminiki kupitisha umeme. Wekeni waya wa ethi wa peke yake, mnene sawa na ule wa kwenda. Ampea 10 zikipita katika ukinzani wa omu 0.1, volti 1 hupotea. Betri inayongoja 14 hupata 13, nayo haitajaa vema hata safari iwe ndefu.

Tena, baadhi ya magari ya siku hizi yana alternata iongozwayo na kompyuta, ambayo hupunguza volti kwa makusudi. Hayo yataka chaja maalum ndani ya tela, karibu na betri yake.

Mwisho twawaonya: fyuzi ikikatika, msitie kipande cha waya mahali pake. Fyuzi hukatika ili gari lisiungue. Wala msilete moto karibu na betri inayochajiwa, kwa kuwa hutoa gesi iwezayo kulipuka.