Dole gumba linatosha kwa mpira, siyo kwa risasi

MATONGO, Tarime. Jioni ya mechi kwenye viwanja vya vumbi vya Matongo, kata iliyo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, kuna mtu ambaye bila yeye hakichezwi kitu: mwenye pampu. Analowanisha sindano kwa mate, anaichomeka, anasukuma upepo, kisha anaubonyeza mpira kwa dole gumba. Ukiwa mgumu vya kutosha, gemu linaanza. Geji hakuna, na hakuna anayeiulizia.

Sheria za soka zinataka mpira uwe na presha ya paundi 8.5 hadi 15.6 kwa kila inchi ya mraba. Dole gumba likikosea, ubaya wake ni shuti linalopaa au kipa anayelalamika viganja vinawaka moto. Mechi inaendelea.

Sasa chukua risasi ya bastola ya silinda, ile iitwayo .357 Magnum iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1935. Kikomo cha presha yake ni paundi 35,000 kwa inchi hiyohiyo ya mraba. Ni zaidi ya mara 2,000 ya mpira wa ligi, na chuma kinachoizuia kiko kwenye mkono wa mpigaji, mbele ya macho yake.

Kuna watu wanaozijaza risasi hizo wenyewe, nyumbani, juu ya meza. Siyo majambazi, ni wanamichezo.

Sababu yao iko kwenye pointi. Katika mashindano ya shabaha ya IPSC, uzito wa risasi unazidishwa na kasi yake, na jibu ndilo linaloamua kama mchezaji yuko kundi la nguvu kubwa au ndogo. Akipiga katikati, kanda A, kila mtu anapata pointi 5. Akikosea kidogo na kupiga kanda C, mwenye nguvu kubwa anapata 4, mwenzake 3. Kanda D ni 2 kwa 1. Waliowahi kulia na bao la ugenini wanajua jinsi kanuni ndogo inavyoweza kubeba kombe. Ongeza na gharama, maana mazoezi ya mchezo huu yanakula risasi kwelikweli, na maganda ya shaba yanaweza kutumika tena na tena.

Marekani na Afrika Kusini kazi hiyo inaruhusiwa kwa masharti. Fataki iliyokwisha kulia inatolewa, ganda linarudishwa kwenye umbo lake, fataki mpya inawekwa, baruti inapimwa, risasi inakandamizwa juu. Kwa kuiangalia ni rahisi kuliko kusukuma chapati. Ugumu uko kwenye kipimo.

Baruti ya bastola huwaka haraka na kipimo chake ni kidogo sana, hivyo ganda refu linaweza kupokea vipimo viwili bila kufurika. Simu ikiita katikati ya kazi, mtu akarudi na kusahau alipoishia, basi. Ndiyo maana wazoefu huweka aina moja tu ya baruti mezani, wanapima kwa mzani, wanaanza na kipimo cha chini cha kitabu cha kiwanda, na kabla ya kufunga wanamulika kila ganda kwa tochi. Kosa la pili ni kinyume chake: ganda lisilo na baruti. Fataki peke yake inaisukuma risasi hadi katikati ya mtutu, inakwama hapo, mlio unakuwa hafifu. Anayevuta tena kifyatulio bila kukagua anaweza kupasua mtutu.

Na presha haipandi kwa ngazi sawa. Nyongeza ndogo karibu na kikomo inaweza kuirusha mbali kuliko ilivyotarajiwa.

Waliobuni Magnum waliijua tamaa ya binadamu. Ganda lake walilirefusha kwa karibu milimita 3 kuliko la .38 Special, risasi kongwe ambayo kikomo chake ni paundi 17,000 tu, ili lisiingie kwenye bastola za zamani. Mtu wa mezani anayejaza nguvu ya Magnum ndani ya ganda fupi la .38 ameivunja kinga hiyo. Risasi yake itaingia kwenye bastola dhaifu bila kipingamizi, na anayeifyatua huenda ni mtu mwingine kabisa.

Tanzania mjadala huo ni mfupi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Mpiga shabaha hununua kwa muuzaji mwenye kibali, basi.

Lakini Mara baruti ya nyumbani si hadithi ya Marekani. Ukanda huu umepitia miaka ya wizi wa ng'ombe na ujangili pembezoni mwa Serengeti, na gobore ni silaha inayojulikana. Gobore halina kitabu cha kiwanda. Baruti inamiminwa kwa makadirio, yaani kwa dole gumba lilelile la mwenye pampu, na mtutu mara nyingi ni bomba ambalo halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Likipasuka, linapasukia shavuni kwa aliyelishika.

Kijana anayeokota risasi porini au kwenye nyumba ya zamani asiifungue kutafuta baruti, wala asiitupe motoni aone itakuwaje. Aiache hapohapo, awazuie wadogo zake kusogea, na polisi waitwe waje kuichukua.