Sungura Mgonjwa: Tumtibu au Tumwue?

Hapa Nangwa dawa yaweza kuzidi bei ya sungura mwenyewe, ndiyo maana kisu hufikiriwa mapema. Mimi nasema tutazame kwanza kinyesi. Sungura hawezi kutapika. Utumbo ukisimama, hujaa gesi, na akishinda siku nzima bila kula wala kunya yu hatarini. Huyo aweza kupona akiwahiwa na daktari wa mifugo. Ila msimpe penisilini ya kunywa: huua vijidudu vyema vya tumboni, naye hufa kwa kuhara.

Aliyevunjika uti wa mgongo, anayeburuza miguu huku mkojo ukimtoka, ni habari nyingine. Kumwacha ajifie bandani si huruma, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kumtesa mnyama. Daktari ammalize upesi. Na mtoto mwenye sungura wake aambiwe kabla.