Karamu ya Udongo

Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa Kichina, kaskazini mwa China, familia nzima huizunguka meza kukunja jiaozi. Ni jamaa ya sambusa, ila hizi mara nyingi huchemshwa kwenye maji. Hupewa umbo la kipande cha dhahabu cha kale kiitwacho yuanbao, kuombea mwaka wa neema, na katika nyumba nyingi sarafu hufichwa ndani ya moja yao. Atakayeing'ata ndiye mwenye bahati. Kukikucha, sinia ni tupu.

Sikukuu huliwa ikaisha. Ndiyo maana wako Wachina, huko kwao na hata Hong Kong, Malaysia na Singapore, wanaovifinyanga vyakula hivi kwa udongo, vingine vidogo kama punje ya mahindi, ili mlo wa siku moja ukae kabatini miaka.

Kazi hii ina mizizi mirefu. Enzi ya Han, iliyokoma mwaka 220 BK, wafu walizikwa na vyombo viitwavyo mingqi: mifano midogo ya maghala, visima, mazizi ya nguruwe na majiko, vyote vya udongo. Juu ya baadhi ya majiko hayo pamefinyangwa samaki na miiko, kana kwamba mpishi ametoka kidogo tu. Marehemu hakutakiwa kulala njaa. Baadaye ufinyanzi wa sanamu ndogo ulishamiri kwa walio hai. Karne ya 19 Zhang Mingshan wa Tianjin alijipatia sifa kubwa kwa sanamu zake za watu, na ukoo wake ukairithi kazi hiyo.

Lakini chakula ni kigumu kufinyanga kuliko uso wa mtu, kwa sababu kila mtazamaji amekila. Chukua zongzi, chakula cha siku ya 5 ya mwezi wa 5 kwa kalenda ya Kichina, sikukuu ya Duanwu, iliyoingizwa mwaka 2009 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wengi huihusisha na Qu Yuan, mshairi wa dola ya Chu aliyejitosa katika mto Miluo mwaka 278 KK. Husimuliwa kwamba watu walitupa wali mtoni ili samaki wasiuguse mwili wake. Ili kupata zongzi, mchele wa kunata hufungwa ndani ya majani ya mianzi, ukakazwa kwa uzi, ukachemshwa kwa saa kadhaa.

Mfinyanzi wa leo huchagua udongo wa polima, plastiki laini inayogandishwa kwa kuokwa, unaopitisha mwanga kidogo, maana mchele wa kunata ukiiva huacha weupe wake ukawa kama ukungu. Punje huviringwa moja moja kwa ncha ya kidole, kisha hupangwa zikielemeana. Jani hutengenezwa kwa kukandamiza jani halisi juu ya bapa jembamba la udongo, na mishipa yake yote ikabaki pale. Halafu rangi, na hapa ndipo wengi huanguka. Jani lililochemka halina kijani cha shambani. Limefifia, limeingia uzeituni na ukahawia. Anayelipaka kijani kibichi hajasimama karibu na sufuria ya zongzi.

Keki ya mwezi, ya siku ya 15 ya mwezi wa 8, ina siri yake. Ya Guangdong ikikatwa huonyesha kiini cha yai la bata lililokaa kwenye chumvi, duara la rangi ya machungwa mfano wa mwezi mpevu. Nakshi za juu hutoka kwenye kalibu ya mbao, kwa hiyo mfinyanzi naye huchonga kikalibu chake. Kisha husaga chaki ya kahawia na kuipaka kwa brashi palipoinuka tu, kwani tanuri huanza kubabua hapo.

Na samaki wa mwaka mpya? Awe mzima, kichwa na mkia. Jina lake, yu, lina sauti moja na neno la ziada, na ziada haikatwi. Tangyuan, vidonge vya unga wa mchele wa kunata, nazo lazima ziwe mviringo kamili, kwa kuwa jina lake linakaribiana na tuanyuan, familia kukutana tena. Anayefinyanga bila kuyajua haya, kwa maoni yangu, anatengeneza mapambo tu.

Basi ukitaka kujaribu, anza na jiaozi. Kwanza kanda unga wa kweli, kunja kumi, zichemshe, zile na watu wako. Ndipo ushike udongo, vidole vikiwa vimeshajua mikunjo inaanzia wapi. Oka kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi kati ya nyuzi 110 na 130 za Selsiasi, kisha uziweke mbali na watoto wadogo: udongo wa polima hauliwi.